Waraka wa Kubana Kumbukumbu

"Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Ofisi ya Vyeti vya Kuzaliwa itaacha kuwa ofisi ya kawaida na itakuwa ofisi iliyobanwa. Tunaomba ushirikiano wenu. Asiyeelewa aelewe."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni Ijumaa jioni kwa gundi ya kutosha kubandika mlango wenyewe, likapigwa mihuri mitatu, mmoja kichwa chini. Waliopita walilisoma wakatikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu jambo lenye muhuri ambalo mtu halielewi huwa ni la maendeleo. Fundi wa kompyuta naye alilisoma. Alilisoma mara ya pili, kwa maana maneno mengi ya mle yalikuwa yake, ila yalikuwa yamevalishwa nguo za mtu mwingine.

Fundi alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye mkataba wa miezi mitatu na sauti ya mtu anayeomba radhi kabla ya kukosea. Kazi yake ilikuwa kuilea mashine kubwa iliyoendesha skrini sita za madirishani. Mashine hiyo iliishi stoo, pamoja na mifagio, ndoo, na kiti kimoja cha miguu mitatu. Kiyoyozi kilichonunuliwa kwa ajili yake kilifungwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwa hoja nzito kwamba mashine haipokei wageni. Basi mashine ikawa inachemka, Mkurugenzi akawa anapoa, mpaka akalazimika kuvaa koti jeusi mwaka mzima.

Kila siku saa nne asubuhi, foleni ilipofika mlangoni, mashine ilizubaa. Haikuzimika. Ilizubaa tu, kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele za watu. Skrini zote sita ziliacha kazi, cheti kilichokuwa kinaandikwa kikapotea, ikabaki picha ya Mkurugenzi peke yake ikitabasamu. Makarani walikunja mikono, wananchi wakafungua chupa za maji. Hali hiyo ilidumu hadi saa nane mchana, na kwa kuwa ofisi ile ilipenda utaratibu, iliiingiza kwenye ratiba yake ya kila siku: "Saa nne hadi saa nane, kuzubaa."

Aliyeumizwa zaidi na ratiba hiyo alikuwa Mama Mdogo, ndugu wa mama yake Fundi, ambaye ndiye aliyemlea, na ambaye bado waliishi naye chumba kimoja. Kitinda mimba wake, binti wa miaka saba, alikuwa hajaanza shule kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Mwaka uliopita alikataliwa kwa sababu hiyohiyo. Safari hii shule ilisema mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa ya wiki inayokuja, saa kumi jioni, na atakayechelewa aonane nao mwakani. Mtoto alikuwa ameshajua kusoma vibao vyote vya mtaani bila mwalimu. Kila jioni alimpokea mama yake mlangoni na kumuuliza kama leo amezaliwa.

Mama Mdogo alikuwa amepanga foleni siku sita, na siku zote sita alifika dirishani mashine ikivuta pumzi ya mwisho. Majirani walimcheka. Walisema mwenye ndugu ofisini hapangi foleni. Lakini ndugu mwenyewe alikuwa Fundi, ambaye mle ofisini hakuwahi kumwambia mtu neno lolote zaidi ya samahani.

Nyumbani, hata hivyo, Fundi alikuwa na maneno. Siku ya sita Mama Mdogo alivua viatu, akanyoosha miguu, akataka kujua hasa mashine ile ina ugonjwa gani.

Fundi akamwonyesha chumba chao. Akasema kumbukumbu ya mashine ni kama chumba hiki: ni kidogo, na kila mwenye kazi anataka vitu vyake viwe karibu. Imekatwa vipande vilivyo sawasawa, mafundi wanaviita kurasa. Chumba kikijaa, kuna mwenye nyumba asiyeonekana, anaitwa kiini cha mfumo, yeye ndiye huamua kipi kitoke. Sasa kiini cha mashine yetu ni cha zamani. Kikiona chumba kimejaa, kinabeba nguo kinakwenda kuziweka kwa shangazi ng'ambo ya daraja, yaani kwenye diski. Baada ya dakika mtu analitaka shati lake, kinavuka daraja kulifuata. Kikirudi, chumba kimejaa tena. Kutwa kiko njiani, hakipiki, hakifui.

"Si akunje?" Mama Mdogo aliuliza. "Akunje, abane, atie sandukuni chini ya kitanda. Kukunjua si kama kuvuka daraja."

Fundi alimtazama kwa furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu ugenini akasikia lugha ya kwao. Alisema ndicho hasa alichokuwa amekitengeneza: kiini kipya, kinachobana kurasa zisizoguswa na kuziweka humohumo ndani. Kilikuwa tayari kwenye begi lake wiki mbili nzima.

"Na godoro?"

"Godoro halibaniki, mama. Ukilikalia kulibana unapoteza siku. Lenyewe linakwenda kwa shangazi moja kwa moja."

"Na debe tupu?"

"Debe tupu halitunzwi. Unakumbuka tu kwamba ulikuwa nalo."

Mama Mdogo aliridhika. Ila Fundi, kwa kuwa alikuwa nyumbani, aliongeza jambo ambalo hakuthubutu kulisema kazini. Katikati ya chumba kile kulikuwa na kabati moja kubwa lililokula theluthi ya nafasi, na liliwekwa kwa amri ya maandishi kwamba lisihamishwe, lisipunguzwe, lisiguswe. Hata kiini kipya kingelikuta hapo na kulizunguka.

"Ndani ya kabati mna nini?"

"Koti," Fundi alisema, akainama kuficha kicheko.

Ilikuwa ile picha ya Mkurugenzi. Ilikaa kwenye kumbukumbu ya mashine usiku na mchana, ikingoja mwananchi abonyeze mahali palipoandikwa "Soma ujumbe wa Mkurugenzi". Miaka mitatu sasa, hakuna aliyebonyeza.

Kubadilisha kiini kulihitaji kibali, na kuomba kibali kwa mdomo kulihitaji mdomo. Fundi akaandika barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye kichwa "Ombi la Kuboresha Ubanaji wa Kumbukumbu", na chini yake mistari minne ya jinsi kiini kipya kitakavyofanya kazi. Alimkabidhi Katibu Muhtasi, dada mmoja mwenye kalamu nyuma ya kila sikio, akasema samahani, akakimbilia stoo.

Mkurugenzi aliisoma barua hiyo kwa moyo wote, na hapo ndipo mambo yalipochukua njia yake. Katika jengo lile neno kumbukumbu lilikuwa na maana moja tu tangu msingi ulipochimbwa: majalada. Na ukurasa ulikuwa ukurasa. Kwa hiyo alichokisoma kilikuwa mpango kabambe wa kuyabana majalada ya taifa, na alishangaa kwamba wazo zito namna hiyo limetoka kwenye stoo ya mifagio. Akaona haki ni kulihamishia mahali panapolistahili. Akafuta jina la chini, akaweka lake.

Kisha akaunda Kamati ya Ubanaji. Kamati ilikaa siku nzima ikaichambua mistari minne, ikatoa waraka wa mistari mitano, ambao ndio uliobandikwa chini ya tangazo. Kwanza, ukurasa usioguswa kwa siku tatu ubanwe. Pili, ukurasa usio na kitu, au wenye jambo lilelile mwanzo hadi mwisho, usitunzwe; iandikwe tu kwamba ulikuwepo. Tatu, ukurasa usiobanika usisumbuliwe. Upelekwe moja kwa moja dirishani. Nne, ukurasa uliobanwa ukihitajika, ukunjuliwe papo hapo.

Kwenye mstari wa tatu Fundi aliandika "diskini". Kamati ilijadili neno hilo kwa saa mbili, ikakubaliana kwamba binti wa watu alikosea tahajia.

Mstari wa tano ulikuwa wa Mkurugenzi mwenyewe. Aliona waraka umepungukiwa na uzito, akauongezea: "Hakuna ukurasa utakaosamehewa, uwe wa mdogo au wa mkubwa." Akausoma kwa sauti, ukampendeza. Na kwa kuwa aliwahi kusema kwenye hotuba kwamba watumishi ni kurasa za kitabu cha taifa, Kamati ikaweka maelezo mwishoni kwamba neno ukurasa litamaanisha karatasi, jalada, au mtumishi.

Hivyo ndivyo Jumatatu ilivyoanza.

Kurasa za kwanza kubanwa zilikuwa za masjala. Mzee wa Masjala, aliyetunza majalada kwa miaka thelathini na aliyeamini kwamba amri ni amri, alikunja rejista za vizazi mara nne nne, akazifunga kwa mipira ya kufungia pesa, akazipanga kama matofali. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mwananchi wa kwanza alipotaka cheti. Rejista yake ilikunjuliwa papo hapo, kama mstari wa nne unavyotaka, lakini ilikuwa na mikunjo hata jina la baba halisomeki. Kamati haikutetereka. Ilifungua Dirisha la Saba, Dirisha la Kunyoosha, ambako karani mmoja alipiga pasi rejista za vizazi kwa pasi aliyoazima kwa Katibu Muhtasi. Waliozaliwa mwezi Machi waliungua kidogo.

Ili kupima nani ameguswa na nani hajaguswa, kulianzishwa Daftari la Miguso. Katibu Muhtasi alilishika. Kila mtumishi aliyehitajiwa na mtu, awe mwananchi au mwenzake, alichorwa kistari mbele ya jina la cheo chake. Mkurugenzi aliagiza awe namba moja kwenye daftari, kwa wino mwekundu, ili wengine waige.

Lazima isemwe kwamba daftari hilo lilileta upendo. Watu waliogopa kubanwa, kwa hiyo walianza kuhitajiana. Mtu alimwendea mwenzake mezani akamwambia, nakuhitaji, na mwenzake akajibu, nami nakuhitaji, wakaenda pamoja kuchorwa. Makarani wawili ambao hawakusalimiana tangu mmoja ahamishe kiti cha mwingine walihitajiana mara kumi na moja kabla ya saa sita. Hata mashine ya chai ilihitajiwa.

Mkurugenzi peke yake hakuna aliyemhitaji, na halikuwa jambo la chuki. Kumwona Mkurugenzi kulitaka miadi, miadi ilitaka saini, na saini ilikuwa ya Mkurugenzi.

Jumatatu hiyohiyo Fundi aliuliza, kwa sauti iliyosikika na kalamu zaidi kuliko Katibu Muhtasi, kama ombi lake la kubadilisha kiini limejibiwa. Limejibiwa. Liliingia masjala Jumatano iliyopita, halikuguswa siku tatu, na jibu lilikuwa fupi: "Ombi lako limepokelewa na kubanwa."

Jumatano Mama Mdogo alirudi kwenye foleni mara ya saba. Mjumbe wa Kamati alikuwa anapita kwenye mabenchi akibana wananchi: benchi la watu wanne likae saba. Alipofika kwa Mama Mdogo, mwanamke aliyejaaliwa mwili na subira lakini mwili zaidi, akamwomba asogee ajibane.

"Mwanangu," Mama Mdogo alisema, "mimi sibaniki."

Mjumbe alisimama. Alifungua waraka, akapitisha kidole mpaka mstari wa tatu, akausoma kimya huku midomo ikitembea. Kisha akamshika mkono kwa adabu, akamwomba radhi kwa usumbufu, akampeleka moja kwa moja dirishani, akiwapita watu hamsini na wawili.

Saa nne kasoro dakika mbili karani alikuwa ameandika jina la mtoto na la mama. Saa nne kamili mashine ikazubaa. Jina lilipotea herufi moja moja, na picha ikajitokeza ikitabasamu.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, jasho linamtoka kwa joto la mashine na kwa aibu. Mama Mdogo aliitazama ile picha kwa muda, ukuta mweupe, koti jeusi, na juu kabisa uso mdogo, kama kifungo kilichozidi.

"Ndilo kabati lenyewe?" akamuuliza.

"Ndilo, mama."

"Na leo ni Jumatano."

Alikusanya karatasi zake, akaenda nyumbani kumwambia mtoto kwamba bado hajazaliwa.

Kufikia Alhamisi asubuhi habari za mstari wa tatu zilikuwa zimeenea mitaani, na kila mwananchi aliyeingia ofisini alitangaza kwamba habaniki, hata wembamba wenye miili ya fimbo. Foleni ikatoweka. Kamati iliandika kwamba tatizo la foleni, lililodumu miaka kumi, limekwisha. Watu wote mia moja na arobaini walikuwa dirishani.

Siku hiyohiyo siku tatu za watumishi zilitimia. Daftari lilifunguliwa, wasioguswa wakatajwa. Afisa Mipango na Afisa Tathmini walikutwa hawana hata kistari, wakabanwa kwenye dawati moja, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ofisi mipango ikakaa karibu na tathmini. Kuhusu namba moja, kwa wino mwekundu, Kamati iligeuza ukurasa haraka ikaenda kunywa chai. Habari zilikuwa zimeshafika kwamba kesho yake Katibu Mkuu wa wizara atakuja kuuona ubanaji kwa macho yake, na si vizuri kubana mwenyeji siku moja kabla ya mgeni.

Saa sita na nusu mchana Katibu Muhtasi alimkuta Fundi stoo amekaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu, begi mapajani. Fundi alikuwa anahesabu saa zilizobaki mpaka Ijumaa saa kumi. Dada yule alimpa kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Ilikuwa barua yake, imekunjwa mara sita.

Fundi akasema asante, na samahani, na kwamba bila kibali hawezi kugusa mashine.

"Umeusoma waraka wako?"

"Si wangu tena, dada."

"Usome tu. Kumbukumbu za ofisi zibanwe. Umesema majalada? Haukusema. Umesema za wapi? Haukusema. Mihuri mitatu iko pale chini. Unataka wa nne?"

Fundi akasema kuna ile picha. Ina amri yake, ya maandishi, kwamba isiguswe. Akibadilisha kiini akaiacha, theluthi ya chumba itakuwa palepale, na saa nne mashine itazubaa kama kawaida, na yeye atakuwa amefanya kazi bure. Akiigusa na ikaharibika, mkataba wake hautafika mwisho wa mwezi.

Katibu Muhtasi alichomoa kalamu ya sikio la kushoto akajikuna nayo.

"Amri ya picha ina mihuri mingapi?"

"Mmoja."

"Basi."

Na kwa kweli, kiserikali, hapakuwa na la kuongeza.

Saa saba, wakati wa chakula, Fundi alifunga mlango wa stoo. Alizima mashine. Akaingiza kiini kipya. Halafu akaifungua ile amri ya picha jinsi ilivyoandikwa ndani ya mashine, akafuta neno moja, "isiguswe". Akawasha.

Mashine ilikohoa, ikafikiri, ikapumua. Fundi akakaa kukitazama kiini kipya kikifanya kazi. Kilizunguka chumba chote, kikakuta kurasa tupu, kikaziandika kwa alama moja na kuzitupa. Kikakuta kurasa zisizobanika, kikazipeleka diskini bila kugombana nazo. Kikafika kwenye picha. Kikauliza imeguswa lini. Haikuguswa. Kikaanza kuibana: nyeusi, nyeusi, nyeusi ileile, kikaandika "nyeusi, mara nyingi sana". Nyeupe, nyeupe ileile, kikaandika hivyohivyo. Uso ulikuwa kidogo tu, ukabanwa bila taabu. Kabati lililokula theluthi ya chumba likaingia mahali pa leso.

Ijumaa saa tatu na nusu Katibu Mkuu aliwasili. Alikuwa mama mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia mbaya ya kusoma. Alisoma tangazo, akausoma waraka wote mpaka maelezo ya mwisho, kisha akauliza nani aliyeuandika.

"Mimi, mama," alisema Mkurugenzi. "Kila neno."

"Hata huu mstari wa tano?"

"Hasa huo."

Katibu Mkuu akasema ni mstari mzuri sana, na Mkurugenzi akavuta koti lake likae sawa.

Walifika ukumbini saa nne kasoro dakika tano. Mama Mdogo alikuwa dirishani, hakubanika kwa mara ya pili, na nyuma yake wasiobanika wengine tisini. Ilipotimu saa nne, makarani walikunja mikono kwa mazoea. Wananchi wakafungua chupa za maji. Mkurugenzi akamweleza mgeni kwamba huu sasa ndio muda wa kuzubaa, uko kwenye ratiba.

Saa nne na dakika moja, hakuna aliyezubaa isipokuwa watu. Skrini zilikuwa zinangoja. Karani wa dirisha la tatu akagusa kibonye kama anayegusa jiko kujua kama la moto. Herufi ikatokea. Akagusa nyingine. Ukumbi wote ukasikia printa ikianza kutema karatasi, sauti ambayo saa hizo haikuwahi kusikika mle.

Mama Mdogo alikipokea cheti kwa mikono miwili. Alisoma jina la mtoto, la baba, lake, tarehe, akarudi tena kwenye jina la mtoto. Kisha akakikunja mara moja tu, kwa upole, akakitia kifuani.

Mkurugenzi alikuwa haangalii cheti. Aliangalia skrini moja baada ya nyingine, zote sita.

"Picha yangu iko wapi?"

Macho yakamgeukia Fundi. Alikuwa nyuma ya ufagio mlangoni pa stoo, na ufagio haukumtosha kujificha. Alianza kusema samahani. Halafu akamwona Mama Mdogo, mkono umekaa kifuani juu ya kile cheti, na neno lililotoka likawa lingine.

"Imebanwa, mheshimiwa. Haikuguswa."

"Tangu lini?"

"Tangu iwekwe."

"Na ikihitajika?" aliuliza Katibu Mkuu, ambaye alikuwa amevaa miwani yake.

"Inakunjuliwa papo hapo, mama. Mtu akibonyeza tu."

Katibu Mkuu aligeukia wananchi akauliza kama kuna anayependa kusoma ujumbe wa Mkurugenzi. Watu walitazamana kwa adabu. Mzee mmoja alisema yeye amekuja kwa ajili ya cheti tu, lakini akilazimishwa atasoma.

Basi Katibu Mkuu akaomba aletewe Daftari la Miguso. Mkurugenzi alisema daftari lile lilikuwa la watumishi. Katibu Muhtasi alikuwa ameshalifungua ukurasa wa kwanza. Namba moja, wino mwekundu, ilikuwa safi kama shuka jipya. Siku tano, bila kistari.

"Labda taarifa zake za kila mwezi zimsemee," alisema Katibu Mkuu, kwa huruma. Mzee wa Masjala akaombwa azilete. Alirudi na kikaratasi kimoja. Alieleza, kwa moyo mweupe, kwamba taarifa zilikuwa thelathini na sita, zote zenye maneno yaleyale mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kwa mujibu wa mstari wa pili hakuzitunza, aliandika tu kwamba zilikuwepo. Akasoma: "Hali ni nzuri, juhudi zinaendelea. Mara thelathini na sita."

Kiyoyozi kilisikika kikinguruma kwenye ofisi isiyo na mtu. Katibu Mkuu aliufuata mlio huo kwa macho, kisha akachungulia stoo, joto likamfunika miwani kwa ukungu. Aliuliza kwa nini mashine iko humu na ubaridi uko kule. Hakungoja jibu.

"Waraka ni wako, na ni mzuri," alimwambia Mkurugenzi. "Tusiuvunje siku ya kwanza tunayouona ukifanya kazi. Wewe na mashine mbadilishane."

Uhamisho ulichukua saa moja. Mashine ilipelekwa kwenye zulia, chini ya kiyoyozi, ambako inapokea wageni vizuri tu. Mkurugenzi alipelekwa stoo pamoja na koti lake, ambalo siku ya pili alilivua. Mlangoni palibandikwa nakala ya mstari wa nne, ili asionekane amesahauliwa: akihitajika, atakunjuliwa papo hapo.

Mama Mdogo alifika shuleni saa saba, saa tatu kabla ya muda. Jioni mtoto alimpokea mlangoni na swali lake lilelile, akajibiwa kwamba ndiyo, amezaliwa, na kwamba ni miaka saba iliyopita. Barua ya Fundi ilipigwa pasi, ikasomeka, ikapata kibali cha jambo ambalo lilikuwa limeshafanyika, na mkataba wake ukaongezwa. Siku hizi anazungumza kidogo zaidi kazini.

Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, anakwenda stoo na kugonga. Ndani husikika kiti cha miguu mitatu kikisukumwa, mtu akisimama, akikohoa, akifunga vifungo.

"Nimehitajika?"

"Hapana, mheshimiwa," husema Fundi. "Ufagio."